Tahariri: Aliyetenda Ndiye Ahukumiwe



Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa kwenye ofisi jirani na ubalozi wa Marekani mjini Nairobi walisikia mlipuko wa guruneti, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Hapo ndipo bomu lenyewe lilipolipuka, na vioo vikawapofua wengi. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na majeruhi walikuwa maelfu.

Kila Agosti tunawaombea marehemu hao. Mwaka huu, pamoja na dua, tunataka kulijibu swali la vijana wetu wanaokulia huku ughaibuni: muuaji wa namna hii anastahili sheria gani? Msimamo wetu ni kwamba anastahili sheria ileile inayomlinda kila mtu, na hatusemi hivyo kwa kumhurumia.

Watuhumiwa wawili wa shambulio la Dar es Salaam walikuwa Wazanzibari. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akakabidhiwa kwa Wamarekani. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba serikali yake ilivunja katiba kwa kumtoa bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa wala kuuawa kwa njia nyingine, ikaagiza hukumu hiyo ipelekwe kwenye mahakama ya New York iliyokuwa ikimsikiliza. Khalfan alipatikana na hatia, akafungwa maisha.

Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa kwenye magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa kuwa shahidi huyo alijulikana kutokana na maneno aliyoyatoa Ghailani kwa kulazimishwa. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, alikutwa na hatia kwa shtaka moja tu, akafungwa maisha. Mateso ya namna hiyo hayakuwasaidia wafiwa. Yalichelewesha kesi yao kwa miaka na kuharibu ushahidi wao.

Siasa nayo ina somo lake. Kikundi cha watu wachache hakiwezi kuishinda dola kwa silaha, kwa hiyo huichokoza ili iwapige wasiohusika, nao wakate tamaa na serikali yao. Aprili 2014, baada ya mashambulio Nairobi, polisi wa Kenya waliwakamata maelfu ya watu katika operesheni ya Usalama Watch, wengi wao Wasomali, wakawazuia katika uwanja wa Kasarani. Mtaa mzima ukitendewa hivyo, nani atathubutu kwenda polisi kutoa taarifa anapoona jambo la kutia shaka?

Tumezoea kusema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa binadamu msemo huu haufai. Hatia ni ya aliyetenda, aliyemtuma na aliyemsaidia kwa kujua. Hairithiwi kwa kabila wala dini. Desemba 2015 wapiganaji wa kikundi cha Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, Kenya, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na baadhi ya kina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mmoja wa Waislamu hao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata. Abiria wale walikinyima kikundi kile mgawanyiko kilioutafuta.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusisambaze kwenye makundi ya WhatsApp picha ya mtu tusiyemjua tukimwita gaidi. Mwenye taarifa ya kweli kuhusu mpango wa kuua aipeleke kwa vyombo vya dola bila kuchelewa, hata kama mhusika ni ndugu yake. Mwenzetu akikamatwa, tumtafutie wakili, na familia yake tusiitenge kabla wala baada ya hukumu. Waliouawa mwaka 1998 waliuawa na watu wasiojali nani ana kosa na nani hana. Sisi tujali.