Vijana Wafundishwe Kusema Mbele ya Watu

Kijana wa Kibosho afikapo kidato cha kwanza huwa ana lugha tatu mabegani. Nyumbani husikia Kikibosho, shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote anayakuta kwa Kiingereza. Mtu angedhani kuwa huyo ni msemaji hodari. Lakini mwite mbele ya darasa aeleze jambo kwa dakika tatu: sauti hupotea, macho huangalia sakafu.

Wazazi wengi, na walimu pia, huuita ukimya huo adabu. Sisi hatukubali. Mtihani wa Taifa wa kumaliza elimu ya msingi ni wa kuandika, na mwalimu mwenye darasa kubwa hufundisha kile kitakachopimwa. Hatumlaumu. Hata hivyo, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkazi mtu mzima nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na huko hakuna karatasi ya maswali. Kijana atimizapo miaka 18 atapaswa kuhoji mapato na matumizi, au kueleza kwa nini mfereji umezibwa juu na kihamba cha chini kinakauka. Asiyezoea kusema atanung'unika njiani mkutano ukishafungwa, na wachache wenye ndimi nyepesi watakuwa wamekwisha kumwamulia.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila wiki wanafunzi wawili wapewe dakika tatu tatu. Asimame wima, amtaje Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi wenzake, kisha aeleze jambo analolijua: zamu za maji ya mfereji, au namna mbuni unavyopogolewa. Asisome, kikaratasi chenye mambo matatu kinamtosha. Aanze kwa Kiswahili, Kiingereza kifuate akishapata moyo. Mwalimu asahihishe baada ya mtoto kumaliza, kamwe si katikati, na kicheko cha kukejeli kipigwe marufuku, maana kimewafunga vinywa wengi kuliko kiboko.

Walimu wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Singachini, kilichopo hapo hapo Kibosho, wangeweza kusaidia kazi hii. Nao maafisa watendaji wa vijiji watenge dakika tano kabla ya ajenda ya kwanza, mwanafunzi mmoja asimame awaeleze wazazi hali ya shule yao, nao wamwulize maswali.