Ada Mbele, Mwalimu Hayupo

Wadau, leo nina dukuduku. Nimezunguka jimu mbili tatu hapa Chake Chake, na swali la kwanza kwa mgeni ni ada. Presha je? Mgongo je? Hakuna anayeuliza! Unaoneshwa vyuma, unaambiwa "kaza". Siku ya pili misuli inauma, hata kuchuchumaa huwezi. Kwa anayeanza ni kawaida, lakini nani kakwambia? Unakimbia, ada imeshaliwa. Na dada zetu wametengewa saa zipi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka mpaka Gombani ni bure! Mwenye jimu, kabla ya risiti nipe mwalimu. Nawasilisha.