Urefu Pekee Haulipi: Venye Khaman Maluach Alijifunza Kazi ya Senta Pale Duke

Ukifika soko la Burma asubuhi mapema, kabla Jogoo Road ijae matatu, utapata ng'ombe mzima amening'inia kwa ndoano. Ni mkubwa, ni mzito, na kila mtu anamwona. Lakini hakuna mathee anaenda nyumbani na ng'ombe mzima. Biashara inaanza pale msee wa kisu anaposhika kazi: hii ni steki, hii ni mbavu, hii ni ya supu.

Hapo Burma ndio mjadala wetu ulianza. Tulikuwa mbogi ya watu wanne tukingoja choma, na kwa simu ya mmoja wetu kulikuwa na video ya Khaman Maluach, yule senta wa Sudan Kusini aliyechaguliwa nambari 10 kwa drafti ya NBA, Juni 25, 2025. Beste yangu akatupa ile kauli ya kawaida: "Huyo amebahatika tu. Mimi ningekuwa futi saba pia ningekuwa NBA."

Wote wakacheka. Mimi nikabaki nayo kichwani, kwa sababu huo ndio uongo tunaowaambia vijana warefu wa Eastlands kila siku.

Unawajua. Kila mtaa una mmoja, kutoka Shauri Moyo hadi Kaloleni hadi Makongeni. Ameitwa Twiga tangu darasa la nne. Kazi yake ni kubadilisha balbu na kusimama nyuma kwa picha ya shule. Kila mtu mzima akimwona anauliza, "Kwani wewe huchezi basketi?" Akienda uwanjani anasimamishwa chini ya ringi, anaambiwa inua mikono, basi. Mpira anaguswa nao tu ukimwangukia. Halafu miaka miwili baadaye tunashangaa mbona Twiga hakuomoka.

Sasa tuangalie venye Khaman alifanya, hasa ule mwaka mmoja wake wa chuo.

Alianza akiwa amechelewa

Khaman alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, Septemba 2006. Familia ikahamia Uganda akiwa mdogo, na akakulia Kawempe, pale Kampala. Kama umewahi kutembea Kawempe unajua si mahali pa watu wa kujivunia viwanja vya kisasa. Ni mtaa wa kuhangaika kama wetu.

Alikuwa mtu wa soka. Basketi aliishika kitu 2019, akiwa karibu miaka 13. Kuna watoto wa Marekani ambao kwa umri huo tayari wana kocha wa kibinafsi. Lakini kuna kitu kilimsaidia ambacho Twiga wa mtaa wetu hana: ngazi. Akaingia NBA Academy Africa pale Saly, Senegal. Mwaka 2022, akiwa na miaka 15, akacheza ligi ya Afrika, BAL, na Cobra Sport ya Sudan Kusini. Mwaka 2023 akarudi na AS Douanes ya Senegal, na mwaka huo huo akachezea nchi yake Kombe la Dunia akiwa na miaka 16. Mwaka 2024 akawa na City Oilers ya Uganda, halafu Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17.

Soma hiyo orodha tena. Kila mwaka kulikuwa na timu, kocha na mechi za ukweli dhidi ya watu wazima. Na nyuma ya timu ya taifa kulikuwa na Luol Deng, rais wa shirikisho la basketi la Sudan Kusini, ambaye mwenyewe alipitia Duke kabla ya kuwa staa wa Chicago Bulls. Urefu ulimfanya aonekane. Hizo ndizo zilimfanya acheze.

Kutoka bazuu hadi mtu wa kazi

Duke ni chuo kikubwa kwa basketi ya Marekani. Msimu wa 2024/25 kocha Jon Scheyer alikuwa na kikosi cha noma: Cooper Flagg, ambaye baadaye alichaguliwa nambari 1 na Dallas, na Kon Knueppel, aliyeenda nambari 4 Charlotte. Sasa wewe ni senta umetoka BAL, mahali mpira ulikuwa unakutafuta. Unafika Durham, unaambiwa mpira ni wa hao wengine. Kazi yako ni hii: weka skrini, kimbia kwa ringi, linda nyumba, okota ribaundi.

Wengi hapo huanza kujichocha. Wanataka kudribo, wanataka kupiga za mbali ndio skauti wawaone. Khaman akakubali kazi ndogo na akaifanya sawasawa.

Nambari zake za msimu: pointi 8.6, ribaundi 6.6 na bloku 1.3 kwa mechi, ndani ya dakika kama 21 hivi. Ukiziangalia haraka utasema ni za kawaida. Duke lakini ilishinda mechi 35 na kupoteza 4 tu. Na kuna nambari moja ya kushtua: alifunga asilimia 71.2 ya mipira aliyorusha. Yaani kwa kila mara kumi anazojaribu, saba zinaingia. Hiyo inatoka kwa nidhamu ya kujua mahali unaumia na mahali unaua. Mpira mwingi aliupata hewani, gadi akiurusha juu karibu na ringi na yeye akiudaka na kuuangusha ndani kwa mwendo mmoja. Akiwa amesimama tu bila kuruka, mikono yake inafika futi 9 na inchi 6. Ringi iko futi 10. Hesabu hiyo hata mtoto wa PP1 anaiweza.

Upande wa ulinzi ndio alikuwa muhimu zaidi. Senta wa zamani alikuwa anakaa chini ya ringi kama askari wa geti. Siku hizi timu pinzani inamvuta nje kwa makusudi, inamwekea gadi mdogo mwenye mbio, ndio aaibike. Khaman alikuwa anaweza kutoka, ateleze miguu, abaki mbele ya gadi huyo kwa sekunde chache, na bado arudi kwa ringi. Futi 7 na miguu ya mtu wa soka. Pengine zile siku za kukimbiza mpira wa miguu hazikupotea bure.

Kitu ambacho skauti walikiona

Hapa ndipo uchambuzi wa mtaani huangukia. Tunaangalia dunki. Wenye kazi yao wanaangalia mitupo huru, ile unasimama peke yako kwa laini, uwanja umenyamaza, hakuna mtu wa kurukia.

Watu wengi warefu hapo ni aibu tupu. Shaquille O'Neal mwenyewe, na ukubwa wake wote, aliteseka hapo maisha yake yote. Khaman alipiga asilimia 76.6. Kwa mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 13, hiyo inakuambia mikono yake ina ulaini na kichwa chake kinashika mafundisho. Za pointi tatu alijaribu 16 msimu mzima, zikaingia 4. Si kitu cha kupigia kelele, lakini zilipigwa na mtu anayejifunza, kwa ruhusa ya kocha, na bila kuharibu mchezo wa wenzake.

Mapungufu pia yapo, na lazima tuyaseme. Alikuwa anatoa pasi za kufungisha 0.5 tu kwa mechi. Yaani mpira ukimfika, haendi kwa mtu mwingine: ama anafunga ama anaurudisha tu nje. Senta wa kisasa kama Nikola Jokić ndiye anaendesha timu yake kama dereva wa matatu. Khaman bado ni abiria kwa hilo. Na akikutana na watu wenye nguvu za mgongo na matako, wanamsukuma.

Usiku wa San Antonio

Hilo la kusukumwa lilitoka wazi Aprili 5, 2025, nusu fainali dhidi ya Houston. Duke walikuwa mbele kwa pointi 14 kipindi cha pili. Houston wakaja polepole, kwa mabega na viwiko, hadi wakashinda 70 kwa 67. Khaman alitoka hiyo mechi na ribaundi sifuri. Sifuri, wasee. Senta wa futi 7.

Mtu angeweza kumwandika hapo hapo kuwa bure. Lakini kumbuka kitu kingine kilichotokea siku hiyo hiyo. Serikali ya Marekani, kupitia Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio, ilitangaza kufuta viza za watu wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini, kwa sababu ya mzozo kuhusu raia waliokuwa wakirudishwa nchini humo. Kijana wa miaka 18 yuko kwa mechi kubwa ya maisha yake, na nchi anayochezea imetoa habari inayogusa karatasi zake.

Siwezi kukuambia hiyo ndiyo ilimfanya akose ribaundi. Houston walikuwa wanamnyanyasa kila mtu. Ila ninajua watu wa Eastleigh, wa Kakuma, na hata hapa karibu na Burma, wanaoelewa vizuri kulala ukijua karatasi yako inaweza kukosa maana kesho. Kwao hiyo habari haikuwa ya spoti.

Karibu wiki kumi na mbili baadaye alikuwa Brooklyn, jina lake likaitwa, na akalia mbele ya kamera. Houston Rockets ndio walimchagua, lakini alikuwa anaelekea Phoenix Suns, ndani ya ile dili kubwa iliyompeleka Kevin Durant Houston.

Tusisahau Thabeet

Kabla tujichoche sana, hii filamu Afrika Mashariki tumeiona. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, naye alianza kuchelewa, kama miaka 15. Akaenda chuo cha UConn, na msimu wake wa mwisho, 2008/09, alikuwa balaa: pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloku 4.2 kwa mechi. Nambari hizo zinamzidi Khaman mbali. Memphis wakamchagua nambari 2 mwaka 2009. Kabla ya msimu wake wa kwanza kuisha alikuwa ameshateremshwa ligi ndogo kwa muda, kisha akazungushwa timu hadi timu. Wastani wake wa NBA uliishia pointi 2.2.

Wengi humcheka Thabeet. Mimi naona wanakosea. Jamaa alifika mahali hakuna Mtanzania mwingine alikuwa amefika. Lakini somo lipo: chuoni urefu wake ulikuwa jibu la kila swali, basi hakulazimika kutafuta majibu mengine. NBA kila timu ina warefu wake. Pale Memphis alimkuta Marc Gasol kwa nafasi yake, akakosa dakika za kujifunzia.

Na angalia hii: usiku ule ule wa drafti, Phoenix walimchukua pia Mark Williams kutoka Charlotte, senta mwingine wa Duke, aliyekomaa zaidi. Kwa hiyo Khaman naye atasubiri. Inaweza kumfaa, kama timu itamfundisha wakati anasubiri. Inaweza pia kuwa kaburi. Tofauti ninayoiona ni kwamba Khaman tayari amezoea kufanya kazi ndogo vizuri na kuongeza kitu kimoja kila mwaka. Hiyo tabia ndiyo imemtoa Kawempe, na ndiyo ninayoiwekea dau kuliko bloku zake.

Turudi mtaani

Kenya sai tumeamka kidogo. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Hiyo ni ngazi moja. Zilizobaki ziko chini kabisa: uwanja wa mtaa wenye ringi isiyopinda, na kocha mmoja mwenye subira.

Kwa hivyo kama unafunza watoto mahali popote kati ya Shauri Moyo na Buru, nina ombi moja. Twiga akija, usimsimamishe chini ya ringi tu. Mpe mpira adribo, hata ukimtoroka. Mfundishe kuteleza miguu. Mpigishe mitupo huru hamsini kabla aende nyumbani, na umhesabie kwa sauti. Akiwa mdogo kuliko anavyoonekana, kumbuka umri wake, si kimo chake.

Na kwa beste yangu wa pale Burma: hapana, buda. Ungekuwa futi saba, sisi tungekufanya mtu wa balbu.