Nyumbani Mwetu: Kabla ya Kununua Kitabu Kingine

Ndugu msomaji, kila unapokaribia mwezi wa Januari, mzazi wa mjini huanza kuhesabu kwa vidole. Kuna sare, viatu, begi na madaftari, na aghalabu kodi ya nyumba nayo huchagua mwezi huo huo kubisha hodi. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, na nafuu hiyo tuliiona sote. Hata hivyo, kalamu, daftari na kitabu cha kujisomea nyumbani vimebaki mabegani mwa baba na mama.

Na hapo ndipo vishawishi huanza. Kando ya barabara na katika vituo vya mabasi, wauza vitabu wamepanga bidhaa zao juu ya turubai: vitabu vya maswali na majibu, chati za herufi, ramani za rangi, vijitabu vya hesabu vyenye picha ya mtoto anayecheka. Mzazi aliyetoka kazini amechoka, tena moyoni ana hofu kwamba mwanawe anaachwa nyuma na watoto wa jirani. Hutoa noti, hununua, na hurudi nyumbani akiona ametimiza wajibu.

Nayajua hayo kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao.

Boksi lililokuwa chini ya kitanda

Siku moja ya Januari, binti yangu akiwa ndiyo kwanza anaingia darasa la pili, nilipita mahali pa namna hiyo nikanunua vitabu vinne kwa shilingi 26,000. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya gesi ya kupikia. Nilijiambia kwamba mkaa utatufaa kwa wiki mbili, maadamu mtoto asome.

Nyumbani nilimkuta bibi yangu, mzaa mama, aliyekuwa amekuja mjini kutibiwa goti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikavipanga vitabu vyangu mezani kwa fahari. Binti yangu akavitazama, akachukua kimoja na kusema, "Mama, hiki si tunacho?" Akaingia chumbani, akavuta boksi la sabuni kutoka chini ya kitanda na kulileta sebuleni. Ndani yake mlikuwa na vitabu 11. Viwili vilikuwa ndugu pacha wa vile nilivyonunua jioni ile. Nikafungua kimoja baada ya kingine: kurasa tano au sita za mwanzo zilikuwa na alama za penseli, na zilizosalia zilikuwa nyeupe kama pamba.

Bibi akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hivi vya zamani amevimaliza?" Sikuwa na jibu.

Akamwita kitukuu wake, akampa kitabu kilichochakaa zaidi, akamwambia asome. Mtoto akasoma ukurasa wa kwanza haraka, bila kukwama, nami nikapumua. Ndipo bibi akafunika picha kwa kiganja, akaweka kidole juu ya neno moja la katikati na kuuliza, "Na hapa pameandikwaje?" Mtoto akanyamaza. Akamwonyesha neno lingine, kimya. Kumbe binti yangu hakuwa akisoma. Alikuwa amekariri hadithi ile kwa kuitazama picha, na vitabu vyote 11 havikuniambia hivyo, kwa sababu hakuna siku niliyokaa naye hadi ukurasa wa saba.

Kijitabu kimoja cha mwaka 1973

Bibi yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni yaliyoenea nchini baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wasomaji wa makamo watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi katika Redio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Bibi alikuwa na kijitabu kimoja tu. Anasimulia kwamba alikisoma mpaka kingo za kurasa zikawa laini kama kitambaa. Kwanza alitafuta herufi za jina lake. Kisha akatafuta neno "maji" kila lilipotokea na kulihesabu. Baadaye akamsomea mumewe kwa sauti, na mwisho akanakili mistari mizima ili kuunyosha mwandiko. Kitabu kilikuwa kimoja, lakini alikitumia kwa njia nyingi, na mpaka leo husoma barua zake mwenyewe.

Simkumbuki bibi hapa ili kuusifu upungufu. Wakati ule kukosa vitabu kulikuwa shida, na hakuna mzazi mwenye akili timamu anayetamani kurudi huko. Ninachosema ni kwamba kitabu kisichotumiwa hakimfundishi mtoto, hata kingekuwa kipya na cha ghali namna gani.

Anza na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja, chagua Jumamosi moja alasiri, waite watoto, mkusanye pamoja kila kitu cha kujifunzia kilichomo ndani ya nyumba. Usiishie kabatini. Tazama chini ya vitanda, juu ya friji, ndani ya mabegi ya mwaka jana. Toa vitabu vya kaka na dada wakubwa, madaftari yaliyobaki na kurasa tupu, karatasi za mitihani iliyopita, kamusi, rula, kalenda, hata magazeti ya zamani kama haya unayosoma.

Andika orodha yenye safu tatu: jina la kitu, kinamfaa nani, na kimetumika hadi ukurasa wa ngapi. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye ukweli wote. Kisha gawa vitu mafungu matatu: vya kutumia sasa, vya kumsubiri mdogo wao, na vya kumpa jirani. Yale madaftari nusu, ng'oa kurasa safi, zishone pamoja kwa sindano na uzi. Hilo tayari ni daftari la imla na hesabu za nyumbani.

Katika nyumba yangu kazi hiyo ilichukua saa mbili. Tulipata penseli 9, kamusi moja isiyo na jalada, na kitabu cha hadithi ambacho mume wangu alidhani amekiazima mtu.

Kitabu kimoja, kazi nyingi

Ukishajua ulicho nacho, kitumie mpaka kiishe. Kitabu cha hadithi cha kurasa 20 chaweza kumfaa mtoto mwezi mzima. Siku ya kwanza msomee wewe. Siku ya pili msome pamoja, kidole kikifuata maneno. Siku ya tatu funika picha, kama alivyofanya bibi. Siku nyingine msomee sentensi tano aziandike kwa imla, kisha yeye mwenyewe asahihishe kwa kutazama kitabuni. Mwambie asimulie hadithi kwa maneno yake, abadilishe mwisho wake, au atunge maswali matatu ya kukuuliza wewe. Mtoto hufurahi mno mzazi anaposhindwa swali.

Kwa vitabu vya mazoezi, mzuie mtoto asiandike majibu ndani ya kitabu. Aandike katika lile daftari la kushona, na kitabu kibaki safi kwa mdogo wake. Kama majibu yamekwisha kuandikwa kwa penseli, kifutio ni rahisi kuliko kitabu kipya.

Wala usidhani vifaa vya kufundishia ni karatasi pekee. Ndoo ya lita 20 na chupa ya nusu lita vyatosha kufundisha vipimo: mtoto akijaza ndoo kwa chupa na kuhesabu hadi 40, hatasahau kamwe. Chapati iliyokatwa vipande vinne ni somo la robo na nusu, tena linalolika. Vizibo vya soda hufaa kwa kuhesabu, kujumlisha na kugawanya kwa mafungu. Tepu ya fundi cherehani hupima meza, mlango na kimo cha mtoto mwenyewe. Mita ya umeme ukutani ni somo la kutoa: jana jioni zilisomeka yuniti ngapi, leo zimebaki ngapi, basi tumetumia ngapi? Kwa hesabu hiyo watoto wangu wamejifunza hata kuzima taa.

Panapo kweli pa kuwa mwangalifu

Hata hivyo, si kila kilichomo kabatini kinafaa, na sitaki msomaji anilaumu. Kuanzia Januari 2024 mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu, ukianza na baadhi ya madarasa. Yapo masomo yaliyopangwa upya na mada zilizohamishwa kutoka darasa moja hadi lingine. Hivyo kitabu cha kiada cha kaka mkubwa chaweza kuwa kimepitwa katika baadhi ya mada. Nenda nacho kwa mwalimu wa darasa, umwulize kipi kinaendelea kufaa na kipi hakifai. Swali hilo halina malipo, na mwalimu hufurahi kumwona mzazi anayeliuliza.

Lakini kusoma kwa ufasaha, mwandiko mzuri, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya havikuhamishwa na mtaala wowote. Hadithi ya zamani ingali hadithi, na jedwali la kuzidisha ni lile lile alilokariri babu yako.

Fahamu pia kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, navyo husomwa bila malipo. Baraza la Mitihani nalo huweka katika tovuti yake taarifa zinazochambua jinsi watahiniwa walivyojibu maswali, wapi walikosea na kwa nini. Bando lina gharama, naam, lakini simu ile ile inayotupotezea saa mbili kila usiku yaweza kutupa nusu saa ya manufaa. Na kwa walio Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iko pale pale tangu ilipofunguliwa mwaka 1967, na mikoani pia zipo maktaba za umma. Huko nako kuna vitabu ambavyo tayari ni vyako, kwa sababu ni vya umma.

Wakati wa kununua

Je, basi tusinunue kabisa? La hasha. Mtoto asiye na daftari wala kalamu ni mtoto anayeaibika mbele ya wenzake, na huo si uchumi. Nunua unapoweza kujibu maswali matatu bila kusitasita. Mwanangu ameshindwa nini hasa? Je, hakuna chochote ndani ya nyumba, kwa jirani, shuleni au maktaba kinachoweza kuliziba pengo hilo? Na kitabu hiki nitakaa naye lini kukitumia?

Swali la tatu ndilo linalouma. Nikiungama mbele yako, ndugu msomaji, vile vitabu vinne nilivinunua ili visimame mahali pangu. Nilikuwa nikirudi saa mbili usiku, nimechoka, na kutoa shilingi 26,000 kulikuwa kwepesi kuliko kutoa dakika 20.

Siku iliyofuata nilirudi kwa yule muuza vitabu. Alikubali kuvipokea viwili ambavyo vilikuwa havijafunguliwa, akanirudishia sehemu ya fedha, na gesi ikanunuliwa nusu mwezi baadaye. Vile viwili vilivyobaki tulivifungia. Kila jioni, baada ya chakula, mimi au baba yake tulikaa na binti yetu na kile kitabu kilichochakaa. Ukurasa wa saba ulituchukua wiki nzima. Kufikia Pasaka alikuwa amekimaliza, na picha zikiwa zimefunikwa. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alikuwa akisoma, na siku moja ndani ya daladala alinisomea kwa sauti tangazo la dirishani mpaka abiria wakacheka.

Bibi alikuwa amekwisha kurudi kijijini. Tulimpigia simu, na mtoto akamsomea ukurasa mzima. Bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa kile cha pili mmekianza?"

Ndugu msomaji, usiache mbachao kwa msala upitao. Leo ni Jumapili, na chakula cha mchana kikishaliwa zitabaki saa kadhaa za mwanga. Vuta lile boksi lililo chini ya kitanda, keti chini na mwanao, mkafungue ukurasa ule aliouachia. Tuonane Jumapili ijayo.