Yaliyomo Moyoni mwa Askari

Tangu vita vya Sudani vizuke Aprili 2023, redio na magazeti hutuhesabia waliouawa, waliohama makwao na miji iliyotekwa. Ni habari za lazima. Lakini yule askari alalaye na bunduki ubavuni, hatuambiwi anafikiri nini. Kwa hili, mimi naona hadithi za kubuni zatufaa kuliko taarifa.

Chukueni kitabu kiitwacho Afterlives, alichokitoa mwaka 2020 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Chasimulia vita vya Wajerumani na Waingereza vya 1914-1918 katika nchi iliyo Tanzania bara sasa. Kijana Hamza hakushikwa kwa nguvu. Alijiandikisha mwenyewe katika jeshi la Wajerumani, akikimbia nyumba ya tajiri aliyemtumikisha. Hapo ndipo penye uchungu: haukupita muda akajuta, wala hana wa kumlaumu. Vita si vyake, na vijiji vinavyoporwa chakula ni vya watu mfano wake. Tena jeraha lililomlemaza halikutoka kwa adui. Alikatwa upanga na mkubwa wake, Mjerumani.

Mombasa tunayo masanamu ya askari wa vita hivyo hivyo, wa upande wa Waingereza. Wamesimama imara, na nyuso zao hazisemi kitu. Nasi huku tumezoea hivyo: mwanamume huambiwa akaze moyo, yamekwisha.

David Diop, aliyekulia Senegal, aonyesha kwamba hayaishi. Katika Frère d'âme (2018), Alfa Ndiaye apigana Ufaransa katika vita hivyo. Rafiki yake Mademba, matumbo nje, amwomba mara tatu ammalize. Akataa, kwa kushika aliyofunzwa kwao. Mwenziwe akiisha kufa kwa mateso, Alfa aona kule kukataa ndiko kulikokuwa ukatili. Tangu hapo awavizia maadui usiku na kurudi na mikono yao iliyokatwa. Wenziwe wamsifu kwanza, kisha wamwogopa. Ajabu ya vita! Wakubwa waliomtaka awe mkali sasa wataka aondolewe mbele.

Gurnah aufuata mzigo huu hadi nyumbani. Hamza arudi, amwoa Afiya, wapata mtoto. Wamwita Ilyas, kwa jina la kaka yake Afiya aliyejitolea kwa Wajerumani asirudi wala asiandike. Basi mtoto aanza kusema usiku kwa sauti ya kike, akimtafuta Ilyas aliyepotea, mpaka aletwa shekhiya kumtuliza pepo. Wapo watakaosema huu ni ushirikina. Mimi naona mwandishi amelenga: kilichonyamaziwa na wazee kimetokea kwa mtoto.

Habari za mjomba zaja mwishoni, kwa kurasa chache mno. Alikuwa ameishi Ujerumani, akiimba na kuvaa sare za wakubwa, hata akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen akafia humo. Haya nayo yana mfano wa kweli: Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, aliingia jeshini akiwa mtoto, akafa katika kambi hiyo mwaka 1944. Ningependa kujua kama huyo Ilyas naye alipata kuwa na shaka hata siku moja. Gurnah hakutuingiza moyoni mwake.