Nani Alisema Kazi Mbaya Si Mchezo Mwema?

Jamani, hii methali imetutesa vya kutosha. Ukishapata kazi tu, kucheza drafti kwa vizibo vya soda Jumamosi mchana kunageuka utovu wa adabu. Utaulizwa, "Kwani huna kazi?" Na sisi waandishi wa programu ndio tumezidi. Tunajisifu kwa kukesha mbele ya kompyuta, kana kwamba macho mekundu ni shahada.

Haya, tuangalie historia. Mwaka 1969 Ken Thompson, mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, aliandika mchezo wa kompyuta uitwao Space Travel. Unaendesha chombo kati ya sayari na kujaribu kutua. Kwenye kompyuta kubwa ya kazini, kucheza mara moja kuligharimu kama dola 75 za muda wa mashine. Akatafuta mashine ndogo, PDP-7, ambayo haikuwa ikitumiwa sana, akauhamishia mchezo huko pamoja na Dennis Ritchie. Kazi hiyo ikamfundisha kuijua mashine vizuri, na ni juu ya mashine hiyo hiyo Unix ilizaliwa. Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ilifuata mfano wa Unix, naye aliitangaza kuwa ya kujifurahisha tu. Leo kiini chake kimo ndani ya simu za Android.

Najua mabosi watakavyojibu: "Sawa, chezeni, ili mzalishe zaidi." Hapana! Hapo nakataa kabisa. Thompson hakucheza ili aunde Unix. Alitaka kutua kwenye sayari. Mchezo ukiwekewa malengo na ripoti umeshakuwa kazi. Na hata ukicheza bao miaka hamsini usivumbue chochote, hujapoteza kitu. Wewe si punda, ndugu yangu.

Wengine watasema mchezo ni anasa ya wenye nafasi. Kweli, mwenye vibarua viwili atacheza saa ngapi? Lakini ona dhuluma ilipo: tajiri akienda gofu Jumatano mchana, tunaambiwa yuko mkutanoni. Kijana akishika kete za drafti, ni mvivu. Kwa hiyo ugomvi haujawahi kuwa juu ya mchezo, ni juu ya nani anaruhusiwa kucheza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Hiyo si hisani ya mtu. Idai, kisha usiitumie kumalizia kazi za ofisini.

Andika kwenye kalenda yako: Jumamosi, saa tisa alasiri, drafti. Bosi akipiga simu, mwambie uko mkutanoni.