Bombay, Mji Uliomeza Visiwa Vyake

Watu wa pwani yetu na mji wa Bombay, ambao tangu mwaka 1995 huitwa rasmi Mumbai, si wageni kwa wageni. Majahazi ya kaskazi yalituletea vitambaa kutoka pande hizo, nayo kusi iliyarudisha na pembe na boriti. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, akarejea huru na kuongoza misafara mikubwa ya karne ya 19 katika bara letu, alilichukua jina la mji huo hadi kaburini. Siku hizi wengi wanaokwenda India kutoka kwetu hufuata matibabu. Mgonjwa akiwa amelala wodini akisubiri majibu ya madaktari, ndugu aliyemsindikiza hujikuta ana siku mbili au tatu zisizo na kazi, na fedha kidogo mfukoni. Maneno haya ni kwa ajili yake hasa.

Kwanza, ndugu msomaji, zifute akilini picha za kalenda zenye minazi na mchanga usiokanyagwa. Fuko za Bombay, Chowpatty na Juhu, si mahali pa kuogelea, kwa kuwa maji yake yamechafuliwa na uchafu wa mamilioni ya wakazi. Lakini nenda Chowpatty jua linapokaribia kuzama. Utawakuta makarani waliotoka kazini, makuli, mama na watoto wao, wachumba wasio na chumba cha kuzungumzia, wote wameketi mchangani wakila bhel puri, yaani bisi za mchele zilizochanganywa na vitunguu, viazi na rojo ya ukwaju. Aliyezoea mihogo ya Coco Beach siku ya Jumapili hatajiona mgeni hapo. Katika mji ambao familia nzima huweza kulala chumba kimoja, ufuko ndio sebule ya kabwela.

Neno hilo nalisema kwa makusudi, kwa maana historia ya Bombay ni historia ya nani ataishika pwani. Hapo palikuwa na visiwa saba, na wenyeji wake walikuwa wavuvi waitwao Wakoli. Jina Mumbai lenyewe latokana na Mumbadevi, mungu wao wa kike, ambaye hekalu lake lingalipo katikati ya vichochoro vya soko. Wareno waliviteka visiwa hivyo. Mwaka 1661 wakavitoa kwa Mfalme wa Uingereza katika mahari ya binti yao. Naye mwaka 1668 akaikodisha Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka. Wakoli hawakuulizwa. Baadaye bahari ilianza kufukiwa. Ukuta mkubwa wa kuzuia maji upande wa Worli ulimalizika mwaka 1784, na kufikia katikati ya karne ya 19 visiwa vyote saba vilikuwa nchi kavu moja. Mgeni anayetembea leo katikati ya mji mara nyingi hukanyaga mahali palipopita mitumbwi.

Wakoli hawajaondoka. Kijiji chao cha Worli kingalipo, kimebanwa na majumba marefu. Serikali ilipojenga barabara kuu ya pwani, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2024, ramani iliacha mita 60 tu kati ya nguzo za daraja walipopitia kwenda baharini. Wavuvi walikataa. Walieleza kwamba mawimbi yakivuma chombo hakiendi kwa mstari wa rula, na kitapasukia nguzoni. Wahandisi walishikilia hesabu zao, nao wavuvi wakashikilia njia yao, hata ikakubaliwa kwamba nafasi iwe mita 120. Hawakupata yote waliyoyataka. Hata hivyo mgeni akiambiwa lolote juu ya uzuri wa barabara ile, na aikumbuke pia nafasi hiyo.

Ibada nayo katika mji huu haikai mbali na tumbo. Sanamu ya Ganesh inayovuta umati mkubwa kuliko zote katika sikukuu yake ni ile ya Lalbaug, mtaa uliokuwa wa viwanda vya nguo. Ilisimamishwa mwaka 1934 na wavuvi na wachuuzi waliokuwa wameweka nadhiri baada ya soko lao kufungwa, nao wakapata kiwanja kipya. Kila mwaka sanamu hiyo husindikizwa kwa miguu hadi Chowpatty na kuzamishwa baharini.

Upande wa magharibi, juu ya mwamba uliozungukwa na maji, iko dargah ya Haji Ali, msikiti na kaburi la walii tangu mwaka 1431. Njia yake hufunikwa bamvua likijaa, basi uliza saa za maji kabla ya kwenda. Waislamu na Wahindu huingia pamoja. Mwaka 2012 wanawake walikatazwa kulikaribia kaburi. Wenzao wakaenda mahakamani, na Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Bombay ikabatilisha katazo hilo.

Kama una siku moja tu, ipeleke Elephanta, kisiwa kilicho kama kilometa kumi kutoka gati la Gateway of India. Mashua huchukua karibu saa nzima. Wenyeji hukiita Gharapuri. Jina la tembo walilitoa Wareno kwa sababu ya tembo wa mawe waliyemkuta. Waingereza walijaribu kumhamishia kwao mwaka 1864, akavunjika vipande mikononi mwao. Aliungwa baadaye, naye yuko bustanini Byculla.

Ukipanda ngazi zipatazo 120 (shika chakula chako vizuri, nyani wa huko hawana haya) utafika kwenye hekalu la Shiva lililochongwa yapata karne ya 6. Hakuna jiwe lililojengwa juu ya jiwe. Mafundi waliukata mlima wakiingia ndani, na kila nguzo ni mwamba waliouacha usimame. Ndani kabisa, gizani, iko sanamu ya nyuso tatu yenye kimo cha zaidi ya mita tano: uso mmoja mkali, mmoja mpole, na wa katikati umefumba macho. Nyingine nyingi ukutani zimevunjwa miguu na mikono.

Watalii wengi hupiga picha na kurudi. Wewe shuka kwa njia ya vijijini. Kisiwani kuna vijiji vitatu, na mpaka mwaka 2018 watu wake waliishi kwa jenereta iliyowashwa saa chache za jioni, hali ng'ambo ya maji taa za bandari kubwa ya Nhava Sheva, iliyofunguliwa mwaka 1989, ziliwaka usiku kucha mbele ya macho yao. Uhuru wa India ulikuwa na umri wa miaka sabini waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari, kilometa saba na nusu. Kina mama wanaouza vinywaji kando ya ngazi wataweza kukusimulia jokofu la kwanza lilivyofika.

Mapango hufungwa Jumatatu. Kati ya Juni na Septemba ni majira ya mvua kubwa na bahari huchafuka, hivyo ulizia gatini kabla ya kukata tiketi, na usiikose mashua ya mwisho ya jioni.